Namba za Kiuno Changu

Juni 3, Jumanne

Saba.

Binti wa mazoezi pale hospitali amesema niandike namba tu kila siku. Sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni kupiga mayowe. Amenipa daftari la shule lenye picha ya tembo. "Namba tu, Baba, si barua." Lakini mfumaji akiachiwa nafasi ya vidole vinne hawezi kuiacha wazi. Nitaandika na maneno.

Mimi ni Lasisi Akanbi, mfumaji wa hapa Iseyin, miaka arobaini na sita. Kiuno kinaniuma mwaka wa pili sasa. Anayejua ni Mungu, mimi, na tangu leo huyu binti, Foluke, aliyekuja kutoka Ibadan na ananiita Baba kana kwamba nimemzaa.

Kilichonipeleka kwake si kiuno, ni Awawu. Awawu anakaanga akara za kunde karibu na msikiti. Ni mjane, mimi mke wangu alifariki miaka mitano iliyopita, na tumekubaliana. Aliyebaki ni baba yake, Mzee Yekini. Mwezi uliopita nilikwenda kujitambulisha. Mchumba hulala kifudifudi mbele ya mkwe, kidevu chini, mpaka aambiwe inuka. Hilo hata mlevi analijua. Mimi niliinama, kiuno kikanikamata katikati, nikagusa sakafu kwa ncha za vidole kama mtu anayemsalimu kaka yake kwa fundi baiskeli, nikainuka.

Mzee alinitazama kuanzia kofia mpaka makubazi. Kofia yake mwenyewe ilikuwa imeanguka kando ya kiti, wala hakuiokota. Aliiacha pale mpaka mpwa wake akapita akamwokotea. Kiburi cha namna hiyo sijawahi kukiona.

Baadaye akamwambia Awawu, "Nimepewa salamu ya nusu. Nami nimpe binti nusu? Aje tena mvua zikikaribia kuisha. Safari hii alale, na atainuka nikimwambia mimi."

Kwa nini sikusema kiuno kinauma? Kwa sababu hapa mwanamume akisema kiuno, watu hawasikii kiuno. Wanasikia jambo jingine. Mimi na marehemu mke wangu hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo ndimi tayari zina pa kuanzia. Afadhali niitwe mwenye kiburi.

Juni 4

Saba. Zoezi la kwanza ni upuuzi mtupu. Unalala chali, magoti juu, unavuta kitovu ndani kidogo, unapumua. Basi. Nimesafiri kwa pikipiki hadi hospitali kufundishwa kupumua.

Juni 5

Saba. Mvua.

Juni 8

Sita. Kumbe sijui kupumua. Foluke alinionya: "Wewe ukikaza tumbo unabana pumzi, Baba. Kaza, lakini pumua." Nimejichunguza leo nikiwa kwenye kitanda changu cha kufumia. Kweli, kila nikivuta uzi nabana pumzi. Miaka thelathini nafuma bila kupumua, na bado ni mzima. Mungu ni mwema.

Juni 11

Sita. Zoezi la pili linaitwa daraja. Unalala chali, unakanyaga sakafu, unainua makalio juu mpaka mwili uwe mteremko mmoja, unashusha polepole. Mara kumi.

Nilikuwa kwenye ya saba Mama alipofungua mlango. Mama yangu ana miaka sabini na moja, na kila alfajiri anafagia ua mzima ameinama, miguu imenyooka, ufagio mfupi mkononi, bila kuguna. Alisimama akinitazama.

"Akanbi."

"Mama."

"Huyo unayemwinulia hivyo ni nani?"

"Ni mazoezi, Mama. Ya kiuno."

Niliropoka, basi. Akaketi kwenye kizingiti, akashika shavu. "Nilijua. Ni sukari! Nilikukataza sukari kwenye uji tangu ukiwa mdogo. Sukari ndiyo inayoshuka kiunoni ikaua wanaume."

"Mama, tafadhali, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Nikatangaze kwamba mwanangu amekwisha?"

Jioni aliniletea chupa ya dawa chungu ya mizizi. Nimeimimina nyuma ya choo. Mungu anisamehe, na nyasi zinisamehe.

Juni 19

Tano! Nimeandika kwa wino mwekundu.

Juni 24, Jumanne

Tano. Zoezi la tatu: unapiga magoti na kuweka viganja chini kama mbuzi, kisha unanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, halafu unabadilisha. Foluke aliniwekea kikombe cha maji mgongoni. "Kisimwagike, Baba." Kikamwagika. Akakijaza tena.

Nilimuuliza kwa nini tunahangaika na tumbo wakati kinachouma ni mgongo. Akasema kiuno hakijisimamishi chenyewe. Kinashikwa na misuli ya tumbo mbele, ubavuni na nyuma, na yangu imelala kwa sababu nimekaa miaka thelathini. Nikamwelewa mara moja. Mtande, zile nyuzi za urefu, ukilegea upande mmoja, kitambaa chote huenda kombo, na ukiulaumu mshindio, uzi wa kupitisha katikati, unajidanganya.

Ameniamuru pia niwe nainuka kwenye kazi kila nusu saa nitembee. Wafumaji wenzangu wanadhani nina tumbo la kuendesha.

Julai 2

Tano. Naanza kufuma nguo ya Awawu ya siku ile. Nimechagua rangi ya tope la mto pamoja na uzi mwembamba mwekundu. Hajui.

Julai 3

Tano. Mvua asubuhi, mvua jioni.

Julai 10

Nne. Nilipita kwa Awawu kununua akara. Aliniongezea mbili, akaniuliza, "Umejifunza kulala?" Watu waliokuwa foleni wakacheka. Nikacheka nao. Iliniuma kuliko kiuno.

Julai 23

Tisa.

Nimeandikiwa na Mama, mimi nasema. Siwezi kuketi. (Mama anasema niandike pia kwamba nilimwaga dawa yake. Ameona nyasi zilivyokauka.)

Julai 26

Nane, lakini kalamu ninaishika mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mtande wetu tunaunyoosha uwanjani, hatua ishirini na zaidi, na mwisho wake unafungwa kwenye ubao wenye jiwe kubwa juu. Jiwe ndilo linalokaza nyuzi. Unapofuma, linajikokota taratibu kukujia. Nilikuwa nimenyoosha mtande wa Awawu wakati upepo ulipobadilika na wingu likaja jeusi kutoka upande wa mashamba. Ule uzi mwekundu ukilowa hutoa rangi. Niliona tone la kwanza, nikakimbia, nikalinyanyua lile jiwe lote, mikono imenyooka, kiuno kimepinda, pumzi nimebana. Makosa yote matatu kwa mpigo mmoja.

Nililala matopeni. Mama ndiye aliyeuokoa mtande, kisha akaja kunikokota na mimi. Namba ilikuwa tisa. Sikuandika kumi kwa sababu sikupiga mayowe. Nililia kimyakimya, na hilo binti hakuliwekea namba.

Siku tatu hizi nimewaza kumwachia Awawu atafute mtu mwingine. Mwanamume gani anavunjwa na jiwe lake mwenyewe?

Julai 29, Jumanne

Saba. Nilimwambia Foluke imekwisha, kazi yote imebomoka, tuagane kwa heri. Hakunibembeleza. Alinipima, akanikunja, akanigusa nyayo, kisha akasema, "Kuuma si kuvunjika, Baba. Umekishtua. Tunarudi nyuma hatua mbili. Hukurudi ulikoanzia."

"Unajuaje?"

"Mwezi wa sita ulikuja umeshikiliwa na dereva wa pikipiki. Leo umeingia peke yako kuja kuniambia huwezi."

Nimerudi kwenye kupumua.

Agosti 5

Tano. Mvua zimepumzika kama kawaida ya mwezi huu. Viazi vikuu vipya vimeingia sokoni. Mama alipika amala, ugali wa unga wa viazi hivyo, akaniwekea nyama kubwa, maana yake amenisamehe ile dawa.

Agosti 12, Jumanne

Nne. Zoezi la mwisho linaitwa ubao. Unalala kifudifudi, unajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unanyooka kama ubao, tumbo limekazwa, unapumua. Foluke alipolionyesha nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Kuna nini, Baba?"

"Binti yangu, hii ni salamu! Mnaita mazoezi kitu ambacho babu yangu alikifanya kila asubuhi kwa baba yake."

"Basi babu yako kiuno hakikumsumbua," akasema. "Shuka."

Nikashuka. Alichuchumaa mbele yangu ashike saa. Sekunde sita, nikaanguka. Tena, sekunde nane. Mlango wa chumba hicho haufungi vizuri tangu mvua iuvimbishe. Nilipoinua macho niliona sura mbili pale kwenye upenyo: Iya Risi, muuza unga wa viazi, na shoga yake. Walikuwa wanatafuta chumba cha chanjo. Iya Risi aliziba mdomo kwa mtandio wake, wakaondoka haraka.

Agosti 13

Nne. Kumetulia mno.

Agosti 15, Ijumaa

Sitaki namba leo.

Hadithi ilianza hospitali ikiwa hivi: Lasisi amelala mbele ya msichana. Ilipofika sokoni ikawa: Lasisi amemlalia msichana kifudifudi kuomba uchumba. Ilipofika kwa wafumaji, neno moja lilikuwa limeshadondoka njiani. Ikawa: Lasisi amelala na msichana wa hospitali. Nimeipata mwenyewe ikiwa imeiva hivyo, kutoka kwa mtu aliyenipa pole kwa tabasamu.

Saa kumi Awawu akaja. Aprini bado ameivaa, mikono ina unga wa kunde. Hakumsalimu hata Mama, na Awawu humsalimu Mama kwa magoti yote mawili. Mama akatazama uso ule, akachukua ufagio, akaenda kufagia mahali palipokwisha kufagiwa, karibu na dirisha.

"Baba yangu ulimpa vidole," Awawu akasema. "Vidole viwili! Nikakutetea. Nikasema ni mtu wa haya, hajui makundi ya watu. Leo naambiwa umelala sakafuni, kidevu chini, mbele ya kitoto cha Ibadan!"

"Awawu, sikiliza."

"Unajua baba yangu amesemaje? Amesema, 'Sasa nimeelewa. Kiuno chake kinapinda, ila si kwangu.' Mbele ya shangazi zangu wote. Nijibu nini, Lasisi? Nijibu nini?"

Nilikuwa na maneno mengi, yote ya uongo. Ningeweza kusema Iya Risi ni mwongo. Ningeweza kusema nilidondosha kitu nikawa nakitafuta. Nikamtazama Awawu, nikaona machozi yamesimama hayajadondoka, na unga ule kwenye vidole, nikachoka. Nilikwenda kuchukua daftari la tembo nikampa.

Alisoma amesimama. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Alipofika kwenye daraja na Mama mlangoni, mabega yakaanza kutikisika, sikujua ni kilio au kicheko. Alipofika pale nilipoandika jinsi alivyonitania mbele ya foleni aliketi. Alipomaliza jiwe na zoezi la ubao, alifunga daftari akaliweka mapajani.

"Miaka miwili," akasema.

"Ndiyo."

"Unaumwa miaka miwili, na mimi nakutania mbele ya wateja."

"Hukujua."

"Ningejuaje? Mficha uchi hazai, Lasisi!" Kisha akashika mdomo. Neno lilikuwa limeshatoka, na wote wawili tulilisikia lilivyo. Dirishani ufagio ulisimama.

Nikasema, "Ndivyo watakavyosema. Ndiyo maana sikutaka wajue. Na labda ni kweli, sijui. Nilikwenda kuponya kiuno, hilo lingine sina namba yake."

Awawu alijifuta unga wa vidole kwenye aprini. Halafu akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayepanga bei na hataki jirani asikie, "Mimi nina miaka thelathini na minane. Nimezika mume na mtoto mmoja. Nilikukubali wewe kwa sababu jioni ukipita unauliza kama moshi umeniumiza macho. Hakuna mwingine anayeuliza. Kiuno chako nitakipokea kama kilivyo. Lakini siri yako usinifiche tena, la sivyo nitakuacha, naapa."

Nililia, sasa mbele ya mtu. Kule dirishani Mama naye alipenga kamasi kwa kelele ili tusidhani kwamba alikuwa anasikiliza.

Awawu alitaka aende moja kwa moja kumweleza baba yake. Nikamsihi asifanye hivyo. Yule mzee akiambiwa mkwe ni mgonjwa wa kiuno, mji mzima utanicheka. Tulibishana mpaka magharibi. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayenihesabia.

Agosti 18

Nne. Sekunde kumi na mbili. Awawu anahesabu taratibu kuliko saa yoyote duniani. Kutoka saba kwenda nane anapitia kwa shangazi yake.

Agosti 27

Nne. Sekunde ishirini. Nikianza kutetemeka anaacha namba, ananiimbia sifa za jina langu. "Akanbi, mtoto aliyesubiriwa! Akanbi, mjukuu wa waliovisha wafalme! Nyuzi hukatika, Akanbi hakatiki!" Mtu akiimbiwa sifa zake hawezi kuanguka. Anaweza, lakini ni aibu sana.

Septemba 3

Tatu. Mvua zimerudi kwa nguvu.

Septemba 4

Tatu.

Septemba 9, Jumanne

Sita. Sijui kwa nini. Foluke naye hajui, na alisema hajui, jambo lililonifanya nimwamini zaidi. "Zitakuja siku kama hizi mpaka uzeeni, Baba. Usizihofu." Kuhusu uvumi, aliusikia. Ameandika kwa mkono wake tangazo kubwa mlangoni: MAZOEZI. ANAYETAKA KULALA AINGIE. Sasa wanawake watatu wa sokoni wamejiandikisha, mmoja wao Iya Risi.

Septemba 19, Ijumaa

Tatu. Msikitini Mzee Yekini aliswali kwenye kiti chake kama kawaida, safu ya mbele, mgongo umenyooka kama mlingoti. Sisi wote paji la uso chini, yeye juu. Nilimwambia Mama kwamba mzee yule hata mbele ya Mungu anachagua pa kukaa.

Mama akasema, "Yekini amekuwa hivyo tangu ujana. Alikuwa mfumaji namba moja hapa. Aliketi kufuma alfajiri, akainuka magharibi."

"Hakuinuka kabisa?"

"Hata mara moja. Tulikuwa tunamsifu."

Haya, naye asifiwe.

Septemba 28

Tatu. Nguo ya Awawu imekamilika. Uzi mwekundu haukuvuja. Sekunde arobaini na tano.

Oktoba 6

Nne. Hofu, si kiuno. Foluke alisema maumivu husikiliza hofu. Nimemwambia hofu yangu ina sauti kubwa.

Oktoba 10

Nne. Kesho.

Oktoba 11, Jumamosi

Ngoja niandike kwa utaratibu.

Tulifika saa nne, ukoo wangu wote, viazi vikuu arobaini, asali, kokwa za kola, chumvi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikaondoka, ua ukanukia udongo. Wanawake wa upande wa Awawu walitufungia mlango na kutuuliza tumepotea au tumetumwa, wakatutania vya kutosha, wakatufungulia. Mzee Yekini alikuwa kwenye kile kiti chake kirefu. Awawu alitoka amevaa nguo niliyofuma, na kwa muda mfupi nikasahau nina kiuno.

"Bwana harusi mbele!"

Nikaenda mbele. Nikavuta kitovu ndani. Nikapumua. Mikono chini, mguu nyuma, mguu nyuma, nikashuka mwili mzima polepole, kifua, kidevu. Nikasikia wanawake wakisema "Ehee!" Nilikuwa chini.

Mzee hakusema inuka. Nilitazama vidole vya miguu yake. Nilihesabu kwa mwendo wa Awawu, nikafika thelathini, hamsini. Ndipo akasema, "Inuka." Nikainuka bila kushika kitu. Mara ya pili, kwa ajili ya shangazi na kina mama wa ukoo, ilikuwa vilevile. Namba ilikuwa nne. Nilitaka kumtafuta Foluke niliyemwalika, lakini mbele ya wakwe macho ni chini.

Mara ya tatu ni ya dua. Unalala, na baba anaweka mkono mgongoni mwako anakuombea. Nililala. Nikasikia kiti kikilia. Mkono wake ukashuka ukafika mgongoni mwangu. Kisha wa pili nao ukaja, ghafla, mzito. Dua haikuja.

Nikasikiliza. Mzee Yekini alikuwa amebana pumzi. Ile pumzi naijua. Niliibana mwenyewe miaka thelathini.

"Usiinuke," alininong'oneza.

"Baba?"

"Nimesema usiinuke. Kimenikamata."

"Kiuno?"

"Nyamaza, mwana wewe!"

Watu uani hawakujua. Waliona mzee ameinama juu ya mkwe wake, mikono miwili mgongoni, midomo inatikisika, wakadhani anaomba dua ndefu. Wanawake wakaanza kuitikia, "Amina. Amina."

Kofia ile sakafuni ikanijia. Kiti kile cha msikitini. Alfajiri hadi magharibi bila kuinuka. Nyani haoni kundule: nilimwita mzee huyu kwa jina lilelile alilonipa mimi.

"Baba," nikamnong'oneza, "pumua. Usibane. Vuta kitovu ndani kidogo, halafu pumua."

"Unanifundisha kupumua?"

"Ndiyo, Baba."

Akapumua. "Amina!" wakaitikia.

"Sasa niegemee. Mimi ndiye nitakayekuinua, wewe usifanye kitu."

Nikaweka viganja, nikaweka magoti, nikakaza tumbo kama siku ile ya kikombe cha maji, nikaanza kupanda kidogo kidogo naye ameniegemea kwa mikono yote miwili. Uzito wake wote ulikuwa kwenye kiuno changu. Nilingoja kiuno kiseme. Kilisema, lakini kilikaa. Nikafika kwenye kimo cha meza nikatulia pale, yeye akajisukuma juu kwa mikono, taratibu, mpaka nikasikia kiti kikimpokea.

Jasho lilikuwa linamchuruzika mzee. Watu walidhani ni machozi, na huenda yalikuwemo. Akasema kwa sauti iliyopasuka, "Nimepewa salamu nzima. Inuka, mwanangu." Vigelegele vikaanza. Nasikia huko mjini wanasema haijapata kuonekana mkwe aliyepanda na dua mgongoni.

Tulipokuwa tunaaga alinivuta mkono, akaleta mdomo sikioni kwangu.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili, Baba."

"Mimi kumi na tisa." Akatazama pembeni. "Nilidhani una kiburi."

"Na mimi nilidhani unacho, Baba."

"Ninacho," akasema. "Ndicho kilichonisimamisha hii miaka yote."

Oktoba 12

Tano. Awawu anasema nimestahili. Yuko jikoni na Mama, wanagombana kuhusu sukari.

Oktoba 21, Jumanne

Tatu. Nilimweleza Foluke habari za mzee bila kumtaja jina. Kumbe siku ile uani aliona yote. Akasema, "Mlete Baba Yekini nimpime." Nikamwambia hatakuja, ni siri ya ukoo. Akachukua simu yangu mwenyewe, akampigia mzee, wakaongea robo saa, akamuuliza kama miguu inakufa ganzi na mengine mengi, kisha akasema aanze na kupumua na daraja, na baada ya wiki mbili lazima aje, kwa miguu yake au kwa pikipiki.

Oktoba 29

Mvua ya mwisho imenyesha jana, nadhani. Hewa imebadilika.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee. Ametenga chumba cha nyuma, ametandika mkeka, amefunga dirisha. Kupumua anaweza. Daraja anaweza mara nne, akiguna. Leo alitaka ubao, kwa sababu amesikia mimi nafika dakika nzima. Nikamwambia kwamba Foluke hajaruhusu. Akasema Foluke alikuwa hajazaliwa wakati yeye anavisha wafalme. Tukakubaliana kwa magoti, si kwa vidole vya miguu, na sekunde tano tu.

Akashuka kwenye mkeka kwa msaada wangu. Kisha akasimamisha kila kitu.

"Nigeukie wapi?"

"Popote, Baba."

"Si popote. Nikigeukia huku, nakulalia wewe. Mkwe! Nikigeukia kule, nalilalia kabati la marehemu mke wangu, na hilo alilingoja maisha yake yote."

"Geukia ukuta."

"Nikigeukia ukuta nitakuonaje ukinionyesha?" Akafikiri. "Lala na wewe. Tukilala wote, hakuna aliyemlalia mwenzake."

Nikalala. Tukajiinua kwa viwiko, paji kwa paji, karibu yagusane, mzee wa miaka sabini na nne na mimi, tumbo ndani, tukipumua kwa kelele. Moja. Mbili. Komeo la mlango alilisahau, maana Awawu aliingia na uji wa baba yake, akasimama na bakuli mkononi.

"Sasa hapa," akasema, "nani anamsalimu nani?"

Mzee hakuinua kichwa. "Acha maneno, hesabu. Tumefika tatu."

Awawu akaweka bakuli chini. Akahesabu nne kwa kupitia kwa shangazi zake wote, na kabla ya tano akaanza kumwimbia baba yake sifa za jina lake, ambazo mzee aliniambia baadaye hajaimbiwa tangu mkewe afariki. Hakuanguka.

Namba yangu ya leo ni mbili. Ya Baba ni sita. Ameniomba niiandike humu kwenye daftari langu, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hakuwa na mahali pa kuisema.